Saa Laki Moja: Historia ya Chuma, Moto na Muda kutoka Butiama hadi Kinyerezi

Pale Mwigobero, kando ya ziwa mjini Musoma, mama lishe anapikia juu ya jiko la matofali. Juu ya makaa amelaza nondo mbili zinazobeba sufuria la wali. Siku alipozilaza zilikuwa zimenyooka. Sasa, baada ya miezi kadhaa, zimebonyea katikati kama mgongo wa punda mzee, na sufuria linaegemea upande mmoja. Hakuna aliyezigonga. Uzito wa sufuria ni uleule wa siku ya kwanza. Kilichozipinda ni moto na siku.

Jambo hili dogo la jikoni limewahangaisha wahandisi kwa karibu miaka mia mbili. Chuma cha baridi ukikibebesha mzigo kinachoumudu, kitaubeba hadi wajukuu wako waukute. Chuma hichohicho kikiwa chekundu, chini ya mzigo uleule, huvutika. Huvutika kidogo mno, kwa kiasi ambacho jicho halioni wala mkono hausikii, lakini hakipumziki, na mwisho wake ni kukatika. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Hapa nasimulia jinsi watu walivyojifunza kuihesabu chovya chovya hiyo, na namna hesabu yenyewe ilivyokuja kushika waya unaowasha taa za Musoma, Bunda na Butiama.

Kabla ya 1900: moto wa wahunzi

Mkoa wa Mara ulijua chuma kabla ya kujua meli. Miongoni mwa watu wa kusini mwa Mara, kazi ya uhunzi ilikuwa ya Waturi, watu waliohitajiwa na kila mtu na bado wakatengwa: mkulima alinunua jembe na mkuki kwao, lakini kuoana nao kulikuwa mwiko. Aliyefua chuma alihesabiwa kuwa na nguvu ambayo si vizuri kuichanganya na damu ya watu wengine.

Ng'ambo ya ziwa, upande wa Buhaya, kazi hiyo ilifikia kiwango kilichowashangaza wanasayansi. Katika miaka ya 1970 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliwaomba wazee wa Kihaya waliokumbuka kazi ya ujanani wajenge tena tanuri la kuyeyushia mawe ya chuma. Wazee wakalijenga, wakavukuta, na joto likapita nyuzi 1,500 za Selsiasi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1978 katika jarida la Science, pamoja na mabaki ya matanuri ya kale yaliyofukuliwa kandokando ya ziwa, ya miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Kilichotoka humo hakikuwa chuma laini peke yake. Kilikuwemo chuma chenye kaboni, kile ambacho Waswahili wa pwani wamekiita pua au feleji tangu zamani. Napenda tuyakumbuke maneno hayo mawili, maana lugha isiyoijua bidhaa haiipi majina.

Lakini tazama kitu kimoja katika tanuri lile. Sehemu iliyokaa ndani ya moto saa nyingi haikuwa ya chuma. Ilikuwa mirija ya udongo iliyopeleka upepo wa mivukuto hadi kwenye makaa. Mhunzi alikitia chuma motoni dakika chache, akakitoa kwa koleo, akakigonga, akakizimisha. Hakuna aliyekiambia chuma kikae humo na kubeba mzigo. Tatizo ninalolisimulia lilizaliwa siku binadamu alipokitaka chuma kiishi ndani ya moto.

1900–1961: mvuke juu ya ziwa

Siku hiyo ilifika Ziwa Viktoria kwa vipande. Meli ya William Mackinnon iliundwa Uingereza, ikafunguliwa, ikapakiwa, ikabebwa kutoka Mombasa na kuunganishwa tena Kisumu, ambako iliingia majini mwaka 1900. Zikafuata Winifred, Sybil na Clement Hill, kisha Usoga na Rusinga karibu na mwanzo wa Vita Kuu ya Kwanza. Vita vilipokwisha na Tanganyika kuwa chini ya Mwingereza, bandari ya Musoma ikawa kituo katika mzunguko wa meli hizo: pamba na ngozi zikitoka, vitambaa, chumvi na mabati yakiingia.

Boila za meli hizo hazikumsumbua mtu kwa kuvutika. Mvuke wake ulikuwa na joto la nyuzi 200 hivi, na kwa joto hilo chuma cha kawaida ni imara kama mwamba. Kilichoviua vyombo vya mvuke wa aina ile kilikuwa kutu, magadi ya maji na uzembe wa kuacha maji yapungue. Chuma cha kawaida huanza kuvutika kwa kiasi cha kutisha kikikaribia nyuzi 400.

Kwa nini basi watu walilifuata joto? Kwa sababu ya kuni na makaa. Mvuke unavyozidi kuwa moto, ndivyo kila gunia la makaa linavyotoa kazi zaidi. Vituo vya umeme vya Ulaya na Marekani vilianza kupandisha joto ngazi kwa ngazi. Kufikia miaka ya 1950 vilivyokuwa vipya vilikuwa vimevuka nyuzi 540. Kwenye ngazi hizo ndiko nondo ya mama lishe ilikokuwa ikiwasubiri.

1834–1939: waliokaa na saa mkononi

Mfaransa Louis Vicat alikuwa ametoa onyo mapema. Mwaka 1834 alieleza jinsi nyaya za chuma, za aina iliyoshikilia madaraja, zilivyozidi kurefuka chini ya uzito usiobadilika. Watu wengi hawakumjali. Mwaka 1910 Mwingereza Andrade alilipa jambo hilo hesabu: akaonyesha kwamba waya ulioning'inizwa mzigo hurefuka haraka mwanzoni, kisha hutulia katika mwendo wa polepole usiokoma.

Miaka mitatu baadaye, Agosti 1913, Harry Brearley wa Sheffield alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kitakachostahimili joto la baruti. Aliyeyusha mchanganyiko wenye kromiamu karibu asilimia 13 na akagundua kwamba haukushika kutu. Dunia ikakimbilia visu na vijiko. Wahandisi wa boila wakaona lingine: kromiamu hukivika chuma ngozi nyembamba inayozuia moto usikile. Sehemu kubwa ya kromiamu ya dunia hutoka kusini mwa bara letu, Afrika Kusini na Zimbabwe, na ninasikitika kwamba jambo hili halisemwi vya kutosha mashuleni.

Mwaka 1922, mwaka ambao Julius Nyerere alizaliwa Butiama, J. H. S. Dickenson alichapisha huko Uingereza majaribio yake juu ya namna vyuma vinavyotiririka vikiwa na wekundu hafifu. Neno hilo, kutiririka, ndilo lililowashtua watu. Mpaka hapo mhandisi aliuliza swali moja: chuma hiki kinabeba kilo ngapi? Kuanzia hapo alilazimika kuongeza jingine: kinazibeba kwa muda gani, na kwa joto lipi?

Hapo ndipo kipimo cha saa laki moja kilipojengeka. Wahandisi walikubaliana kwamba nguvu ya chuma cha boila itajwe kwa mzigo kinaoweza kuubeba saa 100,000 kabla ya kukatika. Ni miaka kumi na moja na miezi mitano mfululizo, usiku na mchana. Si ukomo wa maisha ya bomba, ni kipimo cha kulinganisha. Lakini ugumu wake unaonekana mara moja: anayetaka kuthibitisha chuma kipya lazima asubiri zaidi ya miaka kumi, na hakuna mwenye kiwanda anayesubiri. Kwa hiyo hupima kwa saa elfu chache, kisha hukisia zilizobaki. Makosa makubwa ya historia hii yote yamezaliwa kwenye kukisia huko.

1961: hesabu ya chembe

Mwaka wa Uhuru una mambo matatu ambayo nayaweka pamoja ili msomaji apate kipimo cha wakati. Meli ya Victoria, ya injini za dizeli, ilianza safari zake ziwani. Tanganyika ikapandisha bendera yake Desemba 9. Na wanasayansi Lifshitz na Slyozov wa Muungano wa Kisovieti, na kando yao Carl Wagner, wakachapisha hesabu inayoeleza kwa nini chuma imara huzeeka.

Hapa inabidi tuingie ndani ya chuma. Chuma kinapovutika, tabaka za atomu zake huteleza moja juu ya nyingine. Ili kuzizuia, wahandisi hukichanganyia kromiamu, molibdenamu na vitu vingine kidogo, kisha hukipasha joto kwa utaratibu maalumu mpaka ndani yake zijitokeze chembe ngumu, ndogo kiasi kwamba unywele wa binadamu ni mnene kuliko chembe moja mara zaidi ya elfu. Chembe hizo husimama njiani. Mtelezo wa atomu ukizifikia, hukwama.

Mvuvi wa Musoma ataelewa upesi zaidi yangu. Chembe hizo ni kama mafundo ya wavu, na nafasi kati yake ni macho ya wavu. Mafundo yakiwa mengi na ya karibukaribu, hata dagaa hapiti. Yakiwa machache na mbalimbali, wavu ni uleule kwa uzito, lakini hauvui kitu.

Na hivyo ndivyo inavyotokea kwenye joto. Chembe ndogo huyeyuka polepole ndani ya chuma, na atomu zake husafiri kwenda kujiunga na chembe kubwa zilizo jirani. Mwenye nacho huongezewa, na asiye nacho hutoweka. Mwanakemia Wilhelm Ostwald alikuwa ameliona jambo hili zaidi ya nusu karne kabla. Hesabu ya 1961 iliweka mwendo wake wazi: ili chembe iongezeke upana mara mbili inahitaji muda mara nane. Ni mwendo wa kobe, lakini una mwelekeo mmoja tu. Kila saa ya moto macho ya wavu yanapanuka, na kuyarudisha hakuwezekani ila kwa kukipasha chuma upya tangu mwanzo.

1974–1983: chuma cha Oak Ridge

Mafuta yalipanda bei mwaka 1973, yakapanda tena 1979. Kwa Tanzania ilikuwa miaka ya foleni za petroli na ya vita vya Kagera. Miji iliyotegemea jenereta za dizeli iliishi kwa kubahatisha. Nchi ilikuwa ikijenga viwanda vyake, na Mara ilikuwa na kiwanda cha nguo cha MUTEX mjini Musoma na vinu vya pamba upande wa Bunda. Kila mtambo ulidai umeme, mvuke au vyote viwili.

Kwa Marekani msukosuko huo ulisukuma utafiti. Maabara ya Taifa ya Oak Ridge ilishirikiana na kampuni ya Combustion Engineering kutafuta chuma cha mitambo ya nyuklia ya kizazi kipya. Mitambo yenyewe haikuendelea sana, lakini chuma kilibaki, na kufikia 1983 kilikuwa kimeanza kuingia katika viwango rasmi kwa jina la Gredi 91.

Siri yake iko katika vipimo vidogo. Kina kromiamu asilimia 8 hadi 9.5 na molibdenamu karibu asilimia 1. Lakini kinachokitofautisha na ndugu zake wa zamani ni vanadiamu ya asilimia 0.2 hivi, niobiamu chini ya moja ya kumi ya asilimia, na naitrojeni iliyo pungufu kuliko niobiamu hiyo. Vitatu hivyo hukutana na kuunda chembe ndogo sana ambazo hukua polepole mno, polepole kuliko kabaidi za kromiamu, yaani chembe za kromiamu na kaboni, zinazokaa mipakani mwa fuwele. Ukuta wa bomba ukawa mwembamba, uzito ukapungua, na mvuke ukapanda kuelekea nyuzi 600. Wahandisi wa dunia nzima walikipokea kama mvua ya vuli.

Na hapa kuna utajiri wetu. Vanadiamu imo katika mawe ya chuma ya Liganga, wilayani Ludewa. Niobiamu imo Panda Hill, karibu na Mbeya, mahali palipofanyiwa uchunguzi tangu miaka ya 1950. Viungo viwili adimu vya chuma hiki vimelala katika ardhi ya nchi moja.

Miaka ya 1990 hadi 2011: makisio yanaumbuka

Uzuri wa Gredi 91 uko katika chembe zake, na chembe hizo zinategemea mkono wa fundi. Akichomelea bomba bila kulipasha kwanza, au akikosea joto la kulituliza baada ya kuchomelea, ukanda mwembamba pembeni mwa weldi hubaki laini. Kwa nje ni chuma kilekile, chenye chapa na cheti. Kwa ndani ni kingine.

Dunia ilijifunza hilo katika kituo cha West Burton, Uingereza. Sehemu za Gredi 91 zilizofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilikutwa na nyufa kandokando ya weldi baada ya saa zipatazo 20,000, moja ya tano tu ya saa laki moja. Uchunguzi ulifika mpaka kwenye mchanganyiko wenyewe: alumini ilikuwa nyingi kwa kulinganisha na naitrojeni. Alumini iliikamata naitrojeni kwanza, na vanadiamu ikakosa mwenzi wa kuunda naye chembe. Wavu ulifumwa na mafundo pungufu tangu kiwandani.

Pigo la pili lilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu lilipiga tumaini. Watafiti walikuwa wamesema: kama kromiamu ya asilimia 9 ni nzuri, ya asilimia 11 au 12 itastahimili pia moshi na mvuke wa nyuzi 650. Vyuma hivyo vilipimwa kwa saa elfu chache, vikang'ara. Kisha, baada ya makumi ya maelfu ya saa, nguvu yao ikaporomoka. Watafiti wa Denmark, miongoni mwao John Hald na Hilmar Danielsen, walisaidia kumtambua mwizi: aina nyingine ya chembe iitwayo awamu ya Z. Huchelewa kuzaliwa, lakini ikizaliwa hukua kubwa na kuzila zile ndogo za vanadiamu na niobiamu ambazo ndizo zilizoshikilia chuma. Kromiamu ikizidi, huiharakisha. Kile kilichoongezwa ili kukilinda chuma dhidi ya moshi ndicho kilichokimaliza ndani.

Naliona hili kuwa funzo kuu la karne nzima ya kazi hii, na nawaheshimu sana watu waliolipa gharama yake kwa subira. Huko Japani, taasisi inayoitwa leo NIMS ilianzisha mwaka 1966 mpango wa kupima vyuma bila haraka. Jaribio moja, la kipande cha chuma cha kaboni chini ya mzigo katika tanuri la nyuzi 400, lilianza mwaka 1969 na kuendelea hadi 2011. Mafundi walioliwasha walistaafu. Wengine walikuja kusoma kipimo cha urefu wa chuma kilichotundikwa kabla wao hawajazaliwa. Hakuna hesabu inayoweza kuchukua nafasi ya kazi ya namna hiyo.

2004–2029: mwisho wa waya

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na kukaa ardhini miaka thelathini. Mwaka 2004 ilifika Ubungo, Dar es Salaam, kwa bomba na kuanza kuzalisha umeme. Likafuata bomba la kutoka Mtwara mwaka 2015, na kituo cha Kinyerezi I katika jiji hilohilo. Kisha Kinyerezi II, cha megawati 240, kilichozinduliwa na Rais John Magufuli Aprili 3, 2018.

Kinyerezi II ina mitambo sita ya gesi na miwili ya mvuke. Moshi wa mitambo ya gesi ya namna hii hutoka ukiwa na joto linalozidi nyuzi 500. Badala ya kuachwa uende hewani, hupitishwa kwenye boila ambako huchemsha maji, na mvuke wake ukazungusha mitambo ile miwili. Huu ndio uchumi uleule wa gunia la makaa: gesi moja, umeme mara mbili. Na ndio ulimwengu wa vyuma vya kromiamu, ambavyo kwa kawaida hutumika kwenye mabomba ya joto hilo, kuanzia vyenye asilimia mbili na robo hadi vyenye tisa kulingana na joto la kila sehemu.

Umeme huo huingia kwenye gridi, hupita Dodoma, Singida na Shinyanga hadi Mwanza, kisha hushika njia ya kilovolti 132 kuelekea Mara. Taa ya mwanafunzi wa Butiama anayesoma usiku inashikiliwa, pamoja na mengine, na chembe za kabaidi asizoziona, umbali wa zaidi ya kilomita elfu moja.

Sura imebadilika tena karibuni. Februari 2024 bwawa la Mto Rufiji lililopewa jina la Nyerere, mwana wa Butiama, lilianza kutoa umeme, na mashine zake tisa za megawati 235 kila moja zilikamilika 2025: jumla megawati 2,115. Chuma kinachozungushwa na maji baridi hakijui kuvutika kwa moto. Lakini maji yakiwa mengi, mitambo ya gesi hupunguzwa au kuzimwa, na yakipungua huwashwa tena. Boila inayowashwa na kuzimwa hupata taabu ya pili: ukuta mnene wa bomba hupata joto ndani kabla ya nje, ukajikunja na kujikunjua kila mara. Mvutiko wa saa na uchovu wa kuwashwa-kuzimwa vikikutana, hula maisha ya weldi kuliko kimoja peke yake. Mtambo wa akiba si mtambo uliopumzika.

Kuhusu Liganga, makubaliano ya kuchimba yalitiwa saini na wawekezaji wa China mwaka 2011, na zaidi ya miaka kumi baadaye mgodi ulikuwa haujaanza. Mimi siamini kwamba nchi inayoagiza mabomba ya Gredi 91 lazima pia iyafue yenyewe. Naamini inapaswa kuwa na maabara inayoweza kukata kipande cha weldi, kukitazama kwa darubini na kusema kama chembe zimekua, bila kukituma ng'ambo na kusubiri jibu. Na kila mwenye boila Mara, awe wa kiwanda cha samaki au wa hospitali, namwomba aandike kila siku saa alizowasha na joto alilofikia. Gharama yake ni daftari na kalamu.

Kama mitambo ya mvuke ya Kinyerezi II ingewaka mfululizo tangu siku ile ya uzinduzi, saa laki moja zingetimia Agosti 29, 2029. Kwa kuwa huzimwa na kuwashwa, tarehe yake ya kweli iko mbele zaidi, na inajulikana tu kwenye kumbukumbu za mafundi wa zamu.